Kamusi nne kwenye mizani ya neno "cry"

Anayetaka kujua neno la Kiingereza limetoka wapi mara nyingi hufungua ukurasa wa kwanza unaojitokeza, akasoma mstari mmoja, akafunga. Kwa maneno mengi hapotezi kitu. Kwa neno "cry" anapoteza sana. Maelezo ya kale zaidi kuhusu asili yake yaliandikwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na mpaka leo kamusi kubwa hazijakubaliana kama maelezo hayo ni kweli au ni hadithi tamu tu.

Kwa sababu hiyo neno hili ni kipimo kizuri. Tumelipitisha kwenye kamusi nne za mtandaoni ambazo wanafunzi, walimu na wafasiri hukimbilia: Online Etymology Dictionary, maarufu kama Etymonline; Merriam-Webster; Wiktionary; na Oxford English Dictionary, yaani OED. Hatukupima ni ipi yenye maneno mengi zaidi. Tulichotafuta ni kamusi inayomwonyesha msomaji mahali ushahidi unapoishia na makisio yanapoanzia. Kamusi inayoficha mpaka huo inapotosha hata pale inapopatia.

Yanayojulikana kuhusu neno lenyewe

Huwezi kuhukumu kamusi kama hujui jibu linapaswa kufananaje, kwa hiyo tuanze hapo.

"Cry" si neno la Kiingereza cha Kale. Liliingia kutoka Kifaransa baada ya Wanormani kuitawala Uingereza, na linaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia karne ya 13 au ukingoni mwake. Kifaransa kilikuwa na "crier", kupaza sauti. Hakuna anayepinga hatua hiyo. Nyuma ya "crier" wengi huweka umbo la Kilatini cha mitaani, *critare (kinyota ni alama ya umbo lililokisiwa, lisiloonekana katika andiko lolote), na nyuma yake kitenzi cha Kilatini "quiritare", kulia kwa sauti kubwa au kupiga mayowe.

Njia ya sauti inaeleweka: irabu isiyo na mkazo ikamezwa, "quiri" ikawa "cri", kisha "t" iliyokuwa katikati ya irabu ikalegea na kutoweka katika Kifaransa, kama ilivyotoweka katika "vita" ya Kilatini, uhai, iliyogeuka "vie". Ndugu zake wako Italia na Hispania: "gridare" na "gritar", yote mawili yakimaanisha kupiga kelele. Hapo ndipo panapokwaruza. Kwa nini hao wawili wanaanza na "g"? Na kwa nini Kihispania cha leo kina "t" pale ambapo kawaida yake ni kuigeuza "d", kama "vita" ilivyogeuka "vida"? Kihispania cha zamani kilikuwa na "cridar", na umbo hilo linapunguza ugumu bila kuumaliza. Mikwaruzo kama hii ndiyo inayowafanya waandishi makini waandike "huenda".

Mgogoro mkubwa uko hatua moja nyuma zaidi. "Quiritare" nalo limetoka wapi? Varro, mwanazuoni wa Roma wa karne ya 1 KK, katika kitabu cha 6 cha utafiti wake wa lugha ya Kilatini, alilieleza kuwa ni kuwaita Quirites, raia wa Roma, na kuomba hifadhi yao. Mtu anavamiwa, anapaza sauti: enyi raia, njooni! Maelezo haya yanapendeza mno, na kupendeza huko ndiko kunakowatia wengine shaka. Upande wa pili unasema ni mwigo wa sauti tu, wa jamii moja na "quirritare", kitenzi cha kelele za nguruwe. Raia au nguruwe: ukitaka kupima kamusi, angalia inafanya nini mahali hapa.

Hao Quirites wenyewe huelezwa vibaya mara kwa mara. Utakuta mahali wanaitwa maofisa wa usalama au aina ya polisi. Hawakuwa hivyo. Walikuwa raia, na zaidi ya hapo, raia wasio askari. Mwaka 47 KK, vikosi vya Julius Caesar vilipoasi, aliwaita "Quirites" badala ya "askari", na neno hilo moja likawachoma kiasi cha kuwarudisha kwenye utii. Kamusi inayowafanya polisi imepoteza utamu wote wa maelezo ya Varro, kwa sababu msaada ulioombwa ulikuwa wa jirani na mpita njia. Kiswahili kina picha iyo hiyo: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mtu akipiga yowe usiku majirani hutoka.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua kamusi: maana ya kutoa machozi si ya mwanzo. "Cry" ilianza kama kupaza sauti na kusihi, ndipo ikahamia kwenye kilio cha huzuni. Kifaransa hakikuhama nayo. Mpaka leo "crier" ni kupiga kelele, na mwenye machozi ana kitenzi chake, "pleurer". Mfasiri anayeona "il crie" akaandika "analia" amejikwaa kwenye jiwe hili hili.

Etymonline

Ni ya bure, inafunguka vizuri kwenye simu, na ilianzishwa na Douglas Harper wa Marekani, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeiandika kwa sehemu kubwa. Hilo ni nguvu yake na udhaifu wake kwa pamoja: sauti ni moja, mpangilio ni mmoja, lakini hakuna jopo la wahariri wa kubishana naye kabla makala haijatoka.

Ukiandika "cry" kwenye kisanduku cha kutafutia utapata vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa na kufafanuliwa, zaidi ya kimoja. Kimoja kina alama ya kitenzi, kingine cha nomino. Anza na kitenzi. Wengi huingia kwenye nomino kwa bahati, wakasoma kwamba inatoka "cri" ya Kifaransa, wakadhani hadithi imeishia hapo. Mzigo wote uko kwenye kitenzi.

Na hapo Etymonline inafanya kazi nzuri kuliko tulivyotarajia kwa kamusi ya bure. Inaweka *critare na kinyota chake. Inataja ndugu wa Kiitalia, Kihispania na Kireno. Inasema wazi kwamba asili ya mbali haina uhakika, inaelekea upande wa mwigo wa sauti, na maelezo ya Quirites inayaita etimolojia ya watu, yaani maelezo yaliyobuniwa baadaye ili neno lieleweke. Mtu anaweza kutokubaliana na hukumu hiyo, lakini walau ameonyeshwa kwamba kuna kesi. Inaeleza pia kuhama kwa maana: neno likachukua kilio cha machozi katika karne ya 13, na kufikia karne ya 16 likawa limelisukuma pembeni neno la zamani, "weep". Kisha inaongeza ulinganisho ambao haupatikani kirahisi kwingine: lugha nyingi hutumia neno moja kwa kupaza sauti na kulia, ilhali baadhi zimejenga neno lao juu ya kujipigapiga kifua. Kiitalia "piangere" kinatoka Kilatini "plangere", kujipiga kwa majonzi. Kiswahili kimo kwenye kundi la kwanza bila shaka: mtoto analia, simu inalia, kengele inalia, risasi zinalia.

Udhaifu wake mkubwa ni tarehe, na si kosa la kamusi peke yake. Mwaka unaowekwa mbele ya neno ni mwaka wa andiko la kale zaidi lililosalia ambalo neno hilo limeonekana. Hauna maana kwamba neno lilizaliwa mwaka huo. Tovuti yenyewe inalieleza hilo, ila maelezo hayako ndani ya kila kidahizo, na anayeingia moja kwa moja kwenye neno lake hayaoni. Udhaifu wa pili ni kwamba madai hayafungwi kila moja na chanzo chake. Orodha ya vitabu vilivyotumika ipo, lakini huwezi kujua sentensi hii imetoka kitabu kipi, isipokuwa pale anapomtaja mtu. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu hilo ni tatizo la kweli.

Merriam-Webster

Nayo ni ya bure. Kidahizo "cry" kina maana zake, mifano, matamshi ya kusikiliza, kisha chini kabisa sehemu ya etimolojia, yaani asili ya neno, na mstari wa matumizi ya kwanza yanayojulikana. Hapo ndipo inapotuangusha. Etimolojia yake ni sentensi moja safi: Kiingereza cha Kati "crien", kutoka Kifaransa cha Uingereza "crier", kutoka Kilatini "quiritare", kuita raia msaada, kupiga mayowe, kutoka "Quiris", raia wa Roma. Hakuna "huenda". Hakuna *critare. Nguruwe hawamo. Msomaji anaondoka akiamini kesi ilishahukumiwa.

Hatusemi imekosea. Varro alikijua Kilatini kuliko yeyote kati yetu, na wapo wataalamu wa leo wanaokubaliana naye. Kinachotusikitisha ni kwamba kamusi ileile ambayo watu hutegemea kwa uthabiti imeficha shaka ambayo wengine wanaionyesha. Ufupi ulikuwa na sababu enzi za kitabu cha karatasi, ambapo kila mstari ulikuwa gharama. Kwenye skrini sababu hiyo imekwisha.

Kwa maana za neno, hata hivyo, Merriam-Webster ina jambo zuri ambalo wengi hulisoma vibaya. Hupanga maana kwa mfuatano wa kihistoria: ya kale kwanza. Kwa hiyo chini ya "cry" utakuta kupaza sauti ikitangulia, machozi yakifuata. Mwanafunzi aliyezoea kamusi za wanaojifunza lugha, zile za Oxford au Cambridge zinazoanza na maana inayotumika zaidi, atashangaa na kudhani kwamba Waingereza wanapo"cry" kwa kawaida wanapiga kelele. Sivyo. Namba 1 hapa inakueleza maana iliyotangulia kuwapo. Ukijua hilo, mpangilio wake unakuwa historia fupi ya neno: mtu anapaza sauti, kisha analia, kisha mnyama au ndege anatoa mlio wake, kisha hali yenyewe inadai kurekebishwa. Hiyo ya mwisho Kiswahili pia tunayo, tunaposema paa hili linalilia matengenezo.

Wiktionary

Tulifungua tukiwa na mashaka, tukafunga tukiwa na heshima, ila heshima yenye masharti. Wiktionary ilianza Desemba 2002 na mtu yeyote anaweza kuihariri. Kwa "cry" inatoa mti mpana kuliko zote tatu za bure. Inaweka njia ya *critare na "quiritare", kisha inaleta dai ambalo msomaji hatalipata Merriam-Webster: kwamba huenda Kifaransa kilipata neno hili, au sehemu ya umbo lake, kutoka kwa Wafranki waliosema lugha ya Kijerumani cha kale. Ushahidi wake ni maneno kama "krijten" ya Kiholanzi, kulia au kupiga kelele, na "kreißen" ya Kijerumani, ambalo lilianza kama kulia kwa sauti na sasa linamaanisha kuwa katika utungu wa uzazi. Chumba cha kujifungulia kwa Kijerumani kinaitwa "Kreißsaal". Dai la Wafranki si la kulipokea kwa mikono miwili, lakini si la kupuuza pia, hasa ukikumbuka maswali ya kisauti tuliyoyataja juu.

Sharti la kwanza la kuitumia: tazama historia ya ukurasa. Juu ya kila ukurasa kuna kiungo cha historia kinachoonyesha kila badiliko, tarehe yake na aliyelifanya. Ukikuta sehemu ya etimolojia ilibadilishwa wiki hii na mtu asiye na akaunti, bila maelezo, soma pia toleo lililotangulia. Sharti la pili: fungua ukurasa wa majadiliano. Kwa maneno yenye utata kama hili, mabishano ya wahariri wakati mwingine yanafundisha kuliko makala. Kuna pia chumba chao maalumu cha kujadili etimolojia ambako hoja za asili ya maneno hupelekwa, na kinatafutika.

Faida yake nyingine ni kugawa maneno yanayofanana tahajia. Hili linahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu msamiati wa kilio wa Kiingereza umejaa mitego ya aina hiyo. Chukua "tear". Likiwa chozi, linatoka Kiingereza cha Kale "tēar", na ukoo wake unafika mbali: Kigiriki "dakry", na Kilatini "lacrima" ambalo zamani lilikuwa "dacruma". Likiwa kurarua, linatoka "teran", ukoo tofauti kabisa. Herufi nne zilezile, matamshi mawili, asili mbili. Wiktionary huyatenga kwa vichwa vyenye namba, Etimolojia 1, Etimolojia 2, na kuendelea. Ukisoma chini ya namba isiyo yako umepotea kabla hujaanza. Vivyo hivyo "keen", ambalo kama kivumishi ni la Kiingereza cha Kale, lakini kama kitenzi cha kuomboleza maiti kwa sauti limetoka Kiayalandi, "caoin". Na "greet": kwa Kiingereza cha kawaida ni kusalimu, kwa Kiskoti na kaskazini mwa Uingereza ni kulia, ndugu wa "gråta" ya Kiswidi. Mtu akisoma shairi la Kiskoti ambamo mama "greets" usiku kucha, asidhani anatoa salamu.

OED

Ndiyo mama wa zote, na sehemu kubwa ya makala zake inahitaji malipo au kadi ya maktaba. Toleo la kwanza lilianza kutoka kwa vijitabu mwaka 1884, juzuu la herufi C likakamilika 1893, kazi nzima ikamalizika 1928. Toleo la pili la 1989 lilikuwa na juzuu 20. Tangu mwaka 2000 iko mtandaoni na inaandikwa upya neno kwa neno.

Herufi C kuwa ya 1893 si habari ya kupamba. Makala ambayo haijaandikwa upya inaweza kubeba utafiti wa enzi za malkia Victoria, na utafiti wa asili ya maneno umesonga mbele sana tangu hapo. Kwa hiyo, kabla ya kusoma chochote, tafuta maelezo ya lini kidahizo kilichapishwa na kama kimesahihishwa. OED inayaonyesha waziwazi, na tunaiheshimu kwa hilo. Ikionyesha hakijasahihishwa, chukua nukuu zake kwa imani yote na etimolojia yake kwa uangalifu.

Nukuu ndizo unazolipia. Kila maana ina mifano iliyopangwa kwa tarehe, kutoka andiko la kale zaidi kuja karibu na leo. Kwa "cry" hapo unaona kwa macho yako kile ambacho kamusi nyingine zinakisimulia tu: sauti ya kusihi, sauti ya mpiga mbiu anayetangaza, sauti ya muuza bidhaa barabarani, kisha taratibu kilio kinachosikika, na mwishowe machozi ambayo huenda hayana sauti hata kidogo. Mpito wa hatua mbili za mwisho ndio mgumu kuubaini popote pengine. Andiko la zamani likisema mtu alikuwa "crying", je, alipiga mayowe au alitoa machozi? Mara nyingi sentensi pekee haiamui. Ukiwa na nukuu kumi zimepangwa mbele yako, unaweza kuamua mwenyewe, na hata kutokubaliana na mhariri.

Usomaji wake una desturi zake. Fungua sehemu ya maumbo kwanza ili ujue neno liliandikwaje karne kwa karne. Bila hilo utashindwa kulitambua kwenye nukuu za zamani. Kisha etimolojia. Kisha maana, na kwa kila maana soma nukuu ya kwanza na ya mwisho kabla ya zile za katikati. Usiruke vitenzi vyenye viambajengo, kama "cry out", "cry down", "cry off", kwa sababu baadhi ya maana za kale zimehifadhiwa humo tu.

Jaribio la pili: "weep"

Kamusi ikishindwa kwenye neno lenye mgogoro tunaweza kuisamehe. Kwa hiyo tulizipima zote nne tena kwa neno lisilo na ugomvi. "Weep" ni la Kiingereza cha Kale, "wēpan", na zote zinalifikisha hapo bila kusita. Tofauti iko katika wanachokwambia baada ya hapo. Etymonline na Wiktionary zinakupeleka hadi Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu ya Kiingereza, ambako "wopjan" ilimaanisha kupiga kelele, kuita. Jambo hilo linastahili kusomwa mara mbili. Neno ambalo leo ndilo la kilio cha kimya na cha heshima, linalotumika hata kwa jiwe linalotoa unyevu, lilizaliwa na kelele. "Weep" na "cry" yote mawili yalianzia kooni, na machozi yalikuja baadaye. Kwa kulinganisha, angalia Biblia: tafsiri ya Kiingereza ya 1611 ina "Jesus wept", maneno mawili tu, na Biblia ya Kiswahili ya Union ina "Yesu akalia machozi". Kitenzi cha Kigiriki hapo kimejengwa juu ya neno "chozi", hakina sauti ndani yake, na neno "machozi" katika Kiswahili linabeba kile ambacho "akalia" peke yake lisingebeba.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye "weep" ni wakati uliopita. Zamani ulikuwa "wēop", kwa kubadili irabu ya ndani. Leo ni "wept", kwa kuongeza "t". OED inaonyesha mabadiliko hayo kwenye sehemu ya maumbo. Merriam-Webster inakupa umbo la leo tu, na kwa anayehitaji maana ya haraka linatosha.

Makosa yanayojirudia

Kinyota ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. *Critare ina kinyota kwa sababu haijaonekana katika andiko lolote. Wataalamu wameijenga kwa kulinganisha watoto wake. Ni kazi ileile inayofanywa kwa lugha za Kibantu: Kibemba kina "lila", Kixhosa "lila", Kiswahili "lia" ambayo imepoteza konsonanti ya katikati, na kutoka hapo linajengwa umbo la lugha mame, yaani lugha ya kale iliyozizaa zote. Ukilinukuu umbo kama hilo, kinyota kiende nalo. Ukikiacha, umesema kwamba kuna hati, na hati haipo.

Kosa linalofuata ni kuchanganya mzazi na ndugu. "Cry" halikutoka "gritar" wala "gridare". Yote matatu yametoka nyumba moja. Etymonline huweka ndugu ndani ya mabano baada ya "chanzo pia cha", na jicho la haraka huruka maneno hayo matatu.

Kuna pia wale wanaonakili Etymonline kwenye makala zao na kuacha "perhaps", yaani "huenda". Neno hilo moja likianguka, kisio linageuka ukweli, kisha makala ya pili inanakili ya kwanza. Ukikutana na maelezo ya Quirites yasiyo na shaka yoyote, uliza yamepitia mikono mingapi.

Za bure za kuongezea

Asiyeweza kulipia OED hajafungiwa mlango. Kwa Kiingereza cha Kati, Chuo Kikuu cha Michigan kina Middle English Dictionary, iliyokamilika 2001, ya bure, yenye nukuu nyingi za kabla ya 1500. Humo usitafute "cry". Kidahizo ni "crien", na "weep" ni "wepen", kwa sababu vitenzi vimeorodheshwa na kiishio chake cha zamani. Kwa hatua ya Kifaransa kilichosemwa Uingereza, Anglo-Norman Dictionary nayo ni ya bure, na "crier" iko humo. Kwa Kiingereza cha Kale kuna kamusi ya Bosworth-Toller, ambako kidahizo cha kilio ni "wépan", chenye alama juu ya e.

Anglo-Norman Dictionary ina zawadi ya ziada kwa neno hili. Ukitafuta "cri" na "hu" utafika kwenye "hu e cri", usemi wa kisheria uliozaa "hue and cry" ya Kiingereza: wajibu wa kila aliyeshuhudia uhalifu kupaza sauti, na wa kila aliyesikia kutoka na kumfukuza mhalifu. Sheria ya Winchester ya 1285, chini ya Edward wa Kwanza, iliusisitiza. Hilo halithibitishi kwamba Varro alikuwa sahihi. Linaonyesha tu kwamba miaka 1300 baada yake neno hili lilikuwa bado linawaita raia watoke nje.

Mapendekezo

Kwa anayeanza, Etymonline kwanza, kidahizo cha kitenzi, ukisoma mpaka mwisho na kuandika pembeni kila "perhaps" na kila kinyota. Pili Wiktionary, ukurasa na historia yake, kuona kama kuna dai ambalo la kwanza halikulitaja. Zikitofautiana, nenda Middle English Dictionary uone nukuu zenyewe. Merriam-Webster itumie kwa mpangilio wa maana, si kwa asili, mpaka itakapoweka "huenda" mahali pake. OED ilipie, au omba maktaba yako, pale tu kazi yako inapohitaji kutaja andiko na mwaka: tasnifu, tafsiri ya maandishi ya kale, utungaji wa kamusi. Kwa anayetaka tu kujua kwa nini Mwingereza anatumia neno moja kwa muuza samaki anayenadi na mtoto anayelia, zile za bure zinatosha.

Na unapoandika ulichopata, taja kamusi, kidahizo, kama ni kitenzi au nomino, na tarehe uliyofungua ukurasa. Kurasa hizi hubadilishwa, na sentensi uliyoisoma leo inaweza isiwepo mwezi ujao.